Hesabu za injinia kazini: maswali ninayoulizwa sana na vijana hapa Kigoma

Kila mwaka vyuo vikifunga, ofisi yetu hapa Kigoma hupokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Wanatoka vyuo tofauti lakini maswali yao ni yaleyale, na mengine huletwa na wazazi wao. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja chini ya mwembe, kwa hiyo nimeyaandika. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, kwa hiyo majibu ya zege, maji na barabara yatakuwa marefu kuliko ya umeme. Sehemu ya umeme nimemsomea mwenzangu wa fani hiyo, akanisahihisha mara mbili.

Shikamoo injinia. Hivi hesabu zote zile tulizokesha nazo chuoni zinatumika kweli kazini?

Marahaba. Zote, hapana. Siku ya kawaida natumia uwiano, asilimia, aljebra ya sekondari, trigonometria na maeneo ya maumbo. Integresheni kwa mkono, ya kukaa na karatasi, sikumbuki mara ya mwisho niliifanya lini.

Ila usikimbilie kufurahi. Dada mmoja mwenye duka pale Mwanga aliniita aniulize kama anaweza kutoa nguzo ya katikati ili duka liwe na nafasi. Fundi wake alikuwa ameshamwambia haina shida: bimu ni nene, na nguzo mbili za pembeni zinabaki. Sikufungua kompyuta. Ukitoa nguzo ya katikati, umbali ambao bimu inaruka unakuwa mara mbili. Nguvu ya kuipinda inapanda kwa mraba wa umbali huo, yaani mara 4. Kubonyea kwake kunapanda kwa kipeo cha nne, yaani mara 16 kwa bimu iliyokalia ncha mbili tu. Tena pale juu ya nguzo nondo nyingi ziko upande wa juu wa bimu, na ukishaiondoa zinatakiwa chini, ambako hazipo. Nilimchorea kwa chaki sakafuni. Nguzo ipo mpaka leo, na ameipaka rangi.

Hiyo ndiyo kazi ya ile kalkulasi. Hujasomeshwa ili uikokotoe kila asubuhi. Umesomeshwa ili ujue kwamba kitu kikikua mara mbili, madhara yake hayakui mara mbili.

Nilipata D ya hesabu kidato cha nne. Nimekwisha?

Hujaisha. Njia itakuwa ndefu zaidi. Nawafahamu waliopitia VETA, wakasoma stashahada wakawa mafundi sanifu, kisha wakarudi kusoma shahada, na saitini wanawazidi wengi waliopita moja kwa moja na PCM. Usichoweza kukikwepa ni kuirudia hiyo hesabu yenyewe. Cheti kinaweza kuzunguka mlima, kichwa lazima kiupande.

Ni kosa gani la hesabu unaloliona zaidi kwa vijana?

Vipimo. Kijana anapiga hesabu ndefu bila kuteleza, kisha anachanganya milimita na sentimita mwishoni. Na si vijana tu. Mwaka 1999 Marekani walipoteza chombo chao cha kwenda Mirihi, Mars Climate Orbiter, kwa sababu upande mmoja ulitoa nguvu kwa paundi na upande mwingine ukaisoma kama nyutoni.

Kwenye maji kosa linajificha kati ya lita kwa sekunde na mita za ujazo kwa siku. Pampu ya lita 5 kwa sekunde ikifanya kazi saa 8 inatoa mita za ujazo 144. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kituo kikiwa si zaidi ya mita 400 kutoka kwake. Gawa, unapata watu 5,760. Sasa kijana mmoja aliniletea hesabu ya pampu hiyohiyo akiwa na watu 17,000 na zaidi. Alikuwa ameiendesha saa 24, mfululizo, bila kupumzika, kwenye kijiji kinachotumia umeme wa jua.

Kwa nini kila nikileta vipimo vya GPS unaniuliza "ukanda upi?"

Kwa sababu tunaishi mpakani, na hapa naomba uvumilivu, maana jambo hili limenigharimu.

Ramani za mfumo wa UTM zimeigawa dunia katika kanda, kila moja ina upana wa nyuzi 6 za longitudo. Mpaka kati ya ukanda wa 35 na wa 36 ni nyuzi 30 Mashariki. Kigoma mjini iko kama nyuzi 29.6, kwa hiyo ni ukanda wa 35. Kasulu imevuka kidogo nyuzi 30, ni ukanda wa 36. Uvinza 36, Tabora 36. Tanzania karibu yote iko kwenye ukanda wa 36 na wa 37, na sisi wa kipande hiki cha ziwani tuko wachache kwenye 35. Kwa hiyo mtu akiletewa kifaa kilichopangwa Dar es Salaam au Dodoma, hana hata wazo la kuuliza.

Ukiendesha gari kutoka Kigoma kwenda Kasulu, namba ya mashariki (mita zinazohesabiwa kuelekea mashariki ndani ya ukanda) inapanda taratibu mpaka inakaribia 833,000, kisha ukivuka mpaka inaanguka ghafla kwenye 167,000. Barabara haijaruka popote. Ni mwanzo wa kuhesabu uliobadilika.

Nikiwa bado mgeni kazini nilipeleka orodha ya makalavati ya upande wa Mwandiga bila kuandika ukanda. Aliyeipokea akaiingiza yote kama ukanda wa 36. Makalavati yangu yakatua maeneo ya Kondoa, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa. Watu walicheka mwezi mzima. Kuna bwana mmoja mpaka leo akinikuta ananiuliza habari za Warangi, wenyeji wa Kondoa.

Lakini lile la Kondoa lilikuwa kosa zuri, kwa maana lilionekana. Baya ni hili lingine: ramani nyingi za zamani za nchi yetu zimechorwa kwa msingi wa Arc 1960, na GPS inatumia WGS 84; msingi ni lile umbo la dunia ambalo vipimo vyote vinahesabiwa juu yake. Ukichanganya hivyo viwili, sehemu yako inasogea takriban mita 300. Mita 300 hazikupeleki Kondoa. Zinakuhamisha kutoka bonde moja hadi la jirani, namba zikiwa bado zinafanana na za Kigoma, na hakuna atakayecheka mpaka katapila lifike. Kwa hiyo kwenye daftari lako andika ukanda, andika msingi wa ramani, ndipo uandike namba.

Takwimu zina kazi gani kwa mjenzi? Si za watu wa sensa?

Twende kwenye kyubu za zege. Tunamimina zege kwenye viboksi vya milimita 150, tunavitunza kwenye maji, na siku ya 28 tunavikandamiza kwenye mashine mpaka vipasuke. Mlio wake kijana hausahau: kimya, kimya, halafu "pwaa!", na vumbi. Kyubu ikipasuka kwa kilonyutoni 600, unagawa kwa eneo lake la milimita za mraba 22,500, unapata karibu nyutoni 26.7 kwa kila milimita ya mraba.

Sasa chukua mafundi wawili, wote wametakiwa zege ya 25 kwa kipimo hichohicho. Wa kwanza kyubu zake sita zimetoa 35, 33, 31, 28, 25 na 22. Wa pili 28, 29, 30, 28, 29 na 30. Wastani wa wote wawili ni 29. Mkandarasi wa kwanza atakuonyesha huo wastani huku anatabasamu: "Injinia, tumezidi."

Hajazidi. Kinachotakiwa ni kwamba katika kila sehemu 100 za zege, si zaidi ya 5 ziwe chini ya 25. Unachukua wastani, unatoa mara 1.64 ya mtawanyiko, ile mnayoiita sigma. Sigma ya wa kwanza ni kama 4.9, anabaki na 21. Sigma ya wa pili haifiki 1, anabaki na zaidi ya 27. (Kwa kyubu sita tu kanuni zina masharti yake ya ziada, lakini picha ni hiyo.) Jengo halisimami juu ya wastani. Linasimama juu ya ile kyubu ya 22, na hujui imo kwenye nguzo ipi.

Ukitaka kujua mtawanyiko ule umetoka wapi, usikae ofisini. Nenda ukaangalie maji yanavyopimwa. Kwa fundi wa kwanza utakuta ndoo tu, na kijana anayeongeza maji kila koleo likimlemea. Mchanga nao ulinyeshewa usiku, ukavimba, na boksi lilelile sasa linabeba mchanga mchache kuliko jana.

"Mafuriko ya miaka 50" maana yake yanakuja mara moja kila miaka 50?

Hapana, na jina hili limewapotosha hata wakubwa. Maana yake ni kwamba kila mwaka, kivyake, kuna nafasi 1 katika 50, yaani asilimia 2. Mwaka jana yakija, mwaka huu nafasi ni ileile.

Kalavati lililosanifiwa kwa mafuriko hayo likikaa miaka 25, nafasi ya kupona miaka yote ni 0.98 kwa kipeo cha 25, ambayo ni kama 0.60. Kwa hiyo kuna asilimia 40 kwamba litazidiwa angalau mara moja. Kila nikiitaja asilimia hiyo kwenye kikao kuna mtu anayeweka kikombe chini.

Hesabu hiyo ni ya mto au bonde, ambako mvua ya mwaka huu haijali ya mwaka jana. Ziwa Tanganyika ni mnyama mwingine. Lina kina cha mita 1,470, maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na mwaka ambao maji yako juu huuachia mwaka unaofuata maji yake. Katika karne ya 19 ziwa lilipanda mpaka mnamo 1878, kizuizi cha Lukuga kikazibuka, likashuka takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Na hii miaka ya karibuni, wakazi wa Kibirizi, hapa ufukweni, hawahitaji mimi niwaambie maji yalipanda mpaka wapi. Ukitumia ile 0.98 kwenye gati au mwalo wa dagaa umekosea, kwa sababu umejifanya kila mwaka unaanza upya, na ziwa halianzi upya.

Mimi ni wa umeme. Namba changamano, zile za mzizi wa kutoa moja, nitazikuta wapi?

Kwenye kila mota ya mashine ya kusaga. Umeme wa mkondo geu una sehemu inayofanya kazi na sehemu inayokwenda na kurudi bila kuzalisha chochote, na namba changamano ndiyo njia fupi ya kuzibeba zote mbili pamoja. Mwenzangu anasema kipimo chake cha kwanza kwa kijana ni hiki: transfoma ya kVA 100 (yaani volti mara ampia, 100,000 kwa jumla) upande wa volti 400, fezi tatu, inatoa ampia ngapi? Gawa 100,000 kwa 400 mara mzizi wa 3. Ni 144. Anayejibu 250 amesahau fezi tatu.

Nijifunze programu gani kwanza?

Excel. Najua ulitegemea jina kubwa zaidi. Ijue Excel mpaka uweze kumpa mtu mwingine faili lako alifuate bila wewe kuwepo. Baada ya hapo AutoCAD kwa michoro, QGIS kwa ramani, EPANET kwa mabomba ya maji na HEC-RAS kwa mito. Hizo tatu za mwisho ni za bure kabisa, hakuna haja ya nakala za wizi zinazokuja na virusi. Python ukipata nafasi, hasa ukiwa na mafaili 300 ya mvua ya kusafisha.

Akili mnemba si itafanya yote haya?

Itafanya mengi, na naitumia. Lakini kijana mmoja aliniletea jibu alilolitoa kwenye simu: kijito chenye mita za ujazo 2 kwa sekunde na anguko la mita 15 kitatoa megawati 3. Maelezo yalikuwa kurasa mbili, yamepangwa vizuri kuliko ninavyoandika mimi. Nikamwambia azidishe 9.81, ile namba ya mvutano wa dunia, kwa 2 kwa 15. Ni kilowati 294, tena kabla mtambo haujala sehemu yake. Jibu lake lilikuwa mara 10 ya ukweli.

Kanuni hiyo moja ukiwa nayo kichwani unaweza kupima hata mradi mkubwa. Mradi wa umeme wa Malagarasi ni wa megawati 49.5. Gawa kilowati 49,500 kwa 9.81: mtiririko ukizidishwa na anguko lazima uvuke 5,000. Mtu akikuletea mchoro ambao hauvuki hapo, mrudishie kabla hujafungua ukurasa wa pili. Mashine haijui kwamba imekosea, na wewe ukiwa hujui pia, basi mko wawili.

SGR ikija Kigoma itataka ujuzi gani?

Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Tofauti na reli ya zamani ya mita moja si upana tu, kwamba mpya ni milimita 1,435. Mpya ni ya umeme wa kilovolti 25 na treni ya abiria imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa. Kwenye kona, nguvu ya kuisukuma treni nje inapanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka 50 kwenda 160 ni mara 10 na kidogo. Kwa kona ya nusukipenyo cha mita 2,000, ili treni ya 160 isilemee upande, reli ya nje iinuliwe kama milimita 150 kuliko ya ndani. Treni ya mizigo inayopita palepale polepole italemea reli ya ndani, kwa hiyo msanifu hachukui zote 150, anachagua katikati na kubeba lawama za pande zote.

Kwa hiyo: upimaji, udongo, umeme, mawasiliano na ishara za reli. Na matengenezo, ambayo vijana hawayapendi kwa kuwa hayana utepe wa kukatwa.

Wazee walijenga bila kompyuta. Kwani walishindwa?

Hawakushindwa. Nenda bandarini uangalie meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka hapa, reli yenyewe ikiwa imefika Kigoma 1914 tu. Iliunganishwa hapa na kushushwa majini 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina hili la sasa. Fikiria maelfu ya matundu ya ribiti yaliyotobolewa Ulaya yakutane sawasawa Kigoma. Hiyo ni hesabu ya kalamu.

Ila wazee walikuwa na kitu mnachokidharau: rula ya kukokotolea haikuonyesha nukta ya desimali. Ilibidi mtu ajue mwenyewe kama jibu ni 3, 30 au 300.

Kuandika na kuongea kuna uhusiano gani na hesabu?

Mzee wa kijiji Buhigwe hatakuuliza kasi ya maji ndani ya bomba. Atauliza maji yatafika kwake lini na kwa nini jirani yake wa bondeni anapata mengi. Ukishindwa kumjibu kwa Kiswahili chepesi, inawezekana hata kwa Kiingereza cha chuoni ulikuwa unakariri.

Nikimaliza shahada nitaitwa injinia siku hiyohiyo?

Mtaani utaitwa kabla hata hujamaliza. Kisheria jina linatoka Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997. Unaanza kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya uangalizi, mara nyingi miaka mitatu, ukijaza daftari la kazi, ndipo unaomba usajili kamili. Lijaze kila wiki. Nimewaona wanaolijaza lote usiku mmoja, na anayelikagua huwa amewaona pia.

Ninunue kalkuleta gani?

Yoyote ya kisayansi iliyokubalika kwenye mtihani wako, wala usitafute ya bei mbaya. Ila kila asubuhi kabla hujaigusa kazi, piga sini ya 30. Ikileta 0.5, endelea. Ikileta -0.988, mtu ameiacha kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi.